John Charnley, daktari aliyerudi kufungua nyonga alizotengeneza mwenyewe

Teflon unaijua. Ni ule utando kwenye kikaango unaofanya mayai yasishike. Sasa fikiria uko nayo ndani ya nyonga, na kila ukipiga hatua inasagika.

Hayo yaliwapata wagonjwa karibu 300 wa John Charnley.

Jamaa alizaliwa 1911 mjini Bury, Uingereza. Alisomea udaktari Manchester, na Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta jeshini. Alipenda kujaribu mambo, hata kwa mwili wake. Baada ya vita alimwomba daktari mwenzake amkate kipande cha mfupa mguuni ili aone mifupa inavyounga. Mguu ukaoza, akarudi tena kwa kisu.

Miaka ya 50 ikielekea kuisha, akiwa hospitali ya Wrightington, alipata wazo kali: kichwa kidogo cha chuma kizunguke ndani ya kikombe cha Teflon, vyote vishikwe na saruji ya akriliki, ile ya madaktari wa meno. Watu walioshindwa hata kulala kwa maumivu wakaanza kutembea. Kila mtu alifurahi.

Furaha haikudumu. Baada ya miaka michache vikombe vikalika, unga wake ukawasha nyama na kula mfupa, viungo vikalegea. Charnley alijidunga Teflon kwenye paja lake. Pakavimba. Jibu akawa nalo.

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwarudisha wagonjwa mezani, moja baada ya mwingine. Na kurudia nyonga si mchezo: unapita kwenye makovu, unatoa kikombe kibovu, unabandua saruji iliyoganda, halafu unatafuta pa kushikiza kiungo kipya kwenye mfupa uliobaki kidogo.

Wokovu ulikuja 1962 kupitia muuzaji wa plastiki. Aliacha kipande cha polithini ngumu iliyotumika kwenye mashine za viwanda vya nguo. Charnley alikikwaruza kwa ukucha, akakipuuza. Lakini fundi wake, Harry Craven, alikiweka kwenye mashine ya majaribio bosi akiwa safarini. Wiki tatu baadaye kilikuwa hakijalika hata kiasi ambacho Teflon ingelika kwa siku moja. Novemba mwaka huohuo Charnley akaanza kukitumia.

Safari hii hakukimbilia kuuza. Daktari aliyetaka kiungo hicho ilibidi kwanza aende Wrightington kujifunza. Wagonjwa nao aliwaomba wakubali nyonga zao zitolewe wakishafariki, apime zilivyolika.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1977, akafariki 1982. Viungo bandia bado huchakaa na kurudiwa hadi leo, lakini vingi hudumu miaka kumi, ishirini na zaidi. Na ukiniuliza mimi, heshima yake kubwa si cheo. Ni wale 300 aliowaangalia machoni na kuwaambia warudi.