IBN BATTUTA NA MTOTO WA VISIWANI



Jina la Ibn Battuta umelisikia. Alizaliwa Tanja, nchi ya Maroko, mwaka 1304. Akatoka kwao mwaka 1325, umri wake miaka 21, nia yake Hija. Makka alifika. Kilwa, kwa Waswahili, alifika mwaka 1331. Kisha India, akawa kadhi chini ya Sultani wa Delhi. Lakini leo ufuatane naye baharini.

Sultani alimtuma China kama balozi. Katika bandari ya Calicut mizigo yake na mjakazi wake mwenye mimba walikwisha kupanda chombo. Yeye alibaki nchi kavu ili aswali Ijumaa. Dhoruba ikapiga. Jahazi lenye zawadi za Sultani likavunjika, watu wakafa. Chombo chenye mali yake kikatweka tanga kikaenda zake. Akabaki ufukoni na busati la kulalia na dinari kumi. Usiharakishe kusema Ijumaa ilimtia hasara: chombo kile kilifika Sumatra, mali ikanyang'anywa huko, na yule mjakazi akafa.

Aliogopa kurudi Delhi. Akaelekea visiwa vya Maldivi, visiwa zaidi ya elfu moja, ambavyo watu wake walisilimu mwaka 1153. Chakula chao samaki na nazi. Vyombo vyao vilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari. Fedha yao ilikuwa kauri, zile ambazo wazee wetu pia walizijua. Aliyetawala alikuwa mwanamke, Sultana Khadija. Wakamfanya kadhi, naye akawa mkali: asiyehudhuria Ijumaa alichapwa. Alitaka wanawake wajifunike kifua, hakuweza. Akaoa wake wanne, akagombana na waziri, na mwaka 1344 akaondoka. Mke mmoja alimwacha na mimba.

Alifika Ceylon, akapanda mlima wanaosema una unyayo wa Nabii Adamu. Baadaye maharamia walimvua kila kitu baharini, wakamwachia suruali tu. Ni hapo Calicut, bila mali, alipopata habari kwamba kule visiwani amezaliwa mtoto wake wa kiume.

Sasa sikiliza vizuri, wewe baba unayevuka ziwa kwa biashara, una nyumba Uvira na nyingine Kigoma. Alirudi Maldivi kumchukua mtoto, ambaye alikuwa na umri kama miaka miwili. Mama akaenda kulalamika kwa waziri, waziri akasema hawezi kumzuia baba. Kadhi huyu aliyejua sheria angeweza kuondoka naye. Wakamleta mtoto. Akamtazama, akaona ni heri abaki kwao, akamrudisha. Alikaa siku tano tu, kisha akapanda chombo kwenda Bengal, siku 43 juu ya maji.

Mimi nampenda kwa kumrudisha. Kwa kuondoka, sijui nimwambie nini.

Mwaka 1348 alikuwa Damascus, ndipo akaambiwa kwamba baba yake amekufa miaka 15 iliyopita. Akaendelea na safari ya kurudi. Alipokaribia kwao mwaka 1349, mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa tauni, muda mfupi tu kabla yeye hajafika. Akaenda kaburini kwake.