Aliyepima Chembe ya Umeme

Mtu wa Mwambao akisikia jina Suna, fikira zake huenda kwenye ibada. Lakini Suna ninayoitaja hapa ni ile ya pande za Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko nilipelekwa kusomesha Kiswahili. Mwalimu wa fizikia alipohama, nilikabidhiwa chaki yake.

Siku moja nilikuwa nikieleza hesabu ya kazi ya umeme. Mabamba mawili ya shaba yamewekwa sambamba, baina yao milimita 16, yakaunganishwa na volti 5,000. Humo ndani nguvu ya umeme ni sawa kila mahali, kwa hivyo hesabu yake nyepesi: chaji huzidishwa kwa volti. Chaji ikitoka bamba hili kufika lile, ipite njia iliyonyoka au ya kupindapinda, kazi ni ile ile. Chaji ya elektroni 1, kwa kipimo cha kulombi, ni nukta, sifuri 18, ndipo 16. Kazi ikawa nukta, sifuri 15, kisha 8, kwa kipimo cha jouli. Mwanafunzi mmoja akataka kujua ni nani aliyepima kitu kidogo kiasi hicho. Sikuwa na jibu, nikaenda kutafuta.

Ni Robert Millikan, Mmarekani, mtoto wa kasisi, aliyezaliwa mwaka 1868 katika jimbo la Illinois. Nilipofika kwenye ujana wake nilicheka peke yangu. Chuoni Oberlin alikuwa hodari wa Kigiriki, na mwalimu wake wa Kigiriki ndiye aliyemtaka akasomeshe fizikia. Alijitetea kuwa haijui. Mzee yule akaona aliyekiweza Kigiriki hashindwi na fizikia. Kumbe sikuwa wa kwanza!

Mwaka 1909, katika Chuo Kikuu cha Chicago, alianza kazi iliyompa jina. Vitone vya maji vilikuwa vikikauka upesi, ikaonekana bora kutumia mafuta. Yalipulizwa kwa kichupa cha manukato, tuseme mrashi wa kizungu. Kitone kilipoanguka baina ya mabamba, yaliyoachana zile zile milimita 16, umeme uliongezwa mpaka ukalingana na uzito wake, kikaning'inia hewani. Ukijua uzito na volti, umeijua chaji. Na kila mara chaji ilitoka mafungu kamili, mfano wa fedha isiyo na nusu senti. Ndipo ikathibiti kuwa umeme una chembe. Mwaka 1923 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kile kichupa kilinunuliwa na mwanafunzi wake, Harvey Fletcher. Fletcher ameeleza kuwa Millikan alimwendea nyumbani, wakagawana: makala ya chaji ya mwaka 1910 ibebe jina la mwalimu peke yake, na nyingine iwe ya mwanafunzi, apate udaktari wake. Mtu anayengoja shahada atakataaje? Mimi naona hapo haki ilipunjwa. Fletcher hakulalamika; maelezo yake yalichapishwa mwaka 1982, baada ya kufa kwake.

Daftari za Millikan, aliyefariki mwaka 1953, nazo zilionyesha vitone alivyoviacha, ilhali mwaka 1913 aliandika kuwa hakuacha. Wapo wanaomtetea kuwa hesabu isingebadilika sana.

Niliporudi darasani niliandika ubaoni majina mawili chini ya ile nambari. Yule mwanafunzi akaniomba nimsomee tena la pili, apate kuliandika sawasawa.