Maisha ya Grace Hopper, Mwandishi wa Programu za Kompyuta (1906–1992)

Katika kurasa zilizotangulia umejikumbusha maana ya programu na tofauti kati ya lugha ya mashine na lugha za ngazi ya juu. Sasa soma maisha ya mtu aliyeanza kazi ya kuandika programu kabla kazi hiyo haijawa na shule wala vitabu. Weka kalamu karibu, maana kuna mahali nitakuomba ukokotoe.

Grace Brewster Murray alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, Marekani. Baba yake alifanya biashara ya bima. Baadaye maradhi ya mishipa ya damu yalisababisha akatwe miguu, na mzee huyo akasisitiza kwamba binti zake wasome kama ambavyo mtoto wa kiume angesoma, ili waweze kujitegemea hata yeye asipokuwepo. Mama yake naye alipenda hisabati, ingawa zama zake hazikumruhusu kuifuata mbali.

Alipokuwa na umri wa miaka saba Grace alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua moja, vyuma vikatawanyika, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilivyokuwa. Mama alipogundua, saa saba zilikuwa zimefunguliwa. Hakumpiga marufuku kugusa saa. Alimwachia moja tu ya kuchezea. Mimi nikiwa mwalimu napenda sana uamuzi huo wa mama.

Usidhani alipita kila mtihani. Akiwa na miaka 16 alijaribu kuingia Chuo cha Vassar akakataliwa, kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa chini. Alirudi kusoma mwaka mmoja zaidi, akakubaliwa, na mwaka 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Alipata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1930, mwaka huohuo akaolewa na Vincent Hopper, na mwaka 1934 Yale ikamtunuku shahada ya uzamivu katika hisabati. Tangu mwaka 1931 alikuwa akifundisha Vassar. Angeweza kustaafia hapo, katika kazi ya heshima na mshahara wa uhakika.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilibadili mambo. Marekani ilipoingia vitani, Hopper alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Alikataliwa. Umri ulikuwa umepita kiwango, uzito ulipungua takriban kilo saba, na serikali iliona walimu wa hisabati wana kazi muhimu zaidi darasani. Hakuchoka kuomba. Mwishoni mwa mwaka 1943 akapewa ruhusa maalumu na kuapishwa, akiwa na miaka 37. Fikiria: profesa mwenye shahada tatu anakwenda kujifunza kwata na saluti pamoja na wasichana wa umri wa wanafunzi wake. Katika kozi hiyo ya maofisa alishika nafasi ya kwanza.

Julai 1944 alipangiwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mtambo ulioitwa Mark I, chini ya Howard Aiken. Mtambo huo ulikuwa na urefu wa mita 15 hivi, kimo cha zaidi ya mita mbili, na uzito uliozidi tani nne. Ndani yake mlikuwa na swichi za umeme, magurudumu na mhimili uliozunguka muda wote kwa kelele. Uliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja. Kuzidisha kulichukua sekunde sita, na kugawanya takriban sekunde kumi na tano. Ukiona ni pole mno, kumbuka kwamba ulifanya hesabu hizo kwa namba za tarakimu 23, usiku na mchana, bila kupumzika. Wanamaji walihitaji majedwali ya kulengea mizinga, na vita havikusubiri.

Hopper hakuwahi kuona mashine ya namna hiyo. Aiken alimpa kazi mara alipofika, pamoja na muda mfupi wa kuikamilisha. Hapakuwa na mwalimu. Vijana wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch, ndio waliomwonyesha, nao walikuwa wadogo wake kiumri. Maagizo yote yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi: kila mstari ulikuwa na nafasi 24, na tundu lilikuwepo au halikuwepo. Tundu moja likikosewa, hesabu yote inaharibika. Hapo ndipo mwanahisabati wetu alipojifunza programu, kwa kuuliza, kukosea na kurudia. Aiken akamwagiza pia aandike kitabu cha kuueleza mtambo huo. Kilichapishwa mwaka 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500, nacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza duniani kumfundisha mtu kuandika programu. Kazi ya miaka mingi darasani ilimsaidia; aliyezoea kuwaeleza wanafunzi wagumu huweza kueleza hata mashine.

Zingatia jambo moja kutoka miaka hiyo, maana lote linalofuata limetokana nalo. Hopper na wenzake walikuwa na madaftari. Mtu akiandika vizuri kipande cha kukokotoa, tuseme, sini ya pembe, alikihifadhi kwenye daftari, na mwenzake akikihitaji alikinakili. Lakini walipokinakili walikosea. Walisoma tarakimu moja kama nyingine, au walisahau kubadilisha namba za mahali ambapo data imehifadhiwa. Hopper akaona kwamba binadamu hawawezi kunakili bila makosa, wala kujumlisha bila makosa, na kwamba kazi zote mbili ndizo mashine inazifanya vizuri. Wazo hilo alikaa nalo miaka kadhaa.

Hapa nikuonye kuhusu kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye karatasi za majibu. Tarehe 9 Septemba 1947 mtambo uliofuata, Mark II, uligoma, na wahudumu wakamkuta nondo amenaswa ndani ya swichi. Wakambandika mdudu huyo kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu, na daftari hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya Marekani. Wanafunzi huandika kwamba Hopper ndiye aliyempata nondo, na kwamba ndipo neno mdudu lilipoanza kutumika kumaanisha hitilafu. Yote mawili si kweli. Mafundi walilitumia neno hilo tangu karne ya 19. Hopper alipenda tu kukisimulia kisa hicho, na alikisimulia vizuri mno.

Vita vilipokwisha Vassar ilimwita arudi. Alikataa. Ndoa yake ilikuwa imevunjika mwaka 1945, jeshi la kudumu lilimkataa kwa umri, na Harvard ilimpa mkataba wa muda tu. Mwaka 1949 akahamia Philadelphia, katika kampuni changa ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Kampuni ilikuwa na madeni, na mwaka uliofuata ikauzwa. Katika kipindi hicho Hopper alikunywa pombe kupita kiasi, kiasi cha marafiki kuhofia maisha yake na kumwandikia kumsihi. Vitabu vingi vya shule huliruka jambo hili. Mimi nimeliweka, kwa sababu ukisoma kwamba mtu fulani alifanya makubwa ni vyema ujue alikuwa katika hali gani alipoyafanya.

Sasa chukua kalamu. Kompyuta ya BINAC, iliyotangulia UNIVAC, iliandikiwa programu kwa namba za mfumo wa nane, yaani tarakimu 0 hadi 7 peke yake. Toa 17 kutoka 52 kwa mfumo huo. Huwezi kutoa 7 kwenye 2, hivyo unakopa. Lakini unachokopa ni nane, si kumi. Mbili na nane ni kumi, toa saba, inabaki tatu. Nne iliyobaki toa moja ni tatu. Jibu ni 33, wakati katika hesabu za kawaida ni 35. Hopper alizoea namna hii hadi hesabu zake za benki zikakataa kulingana kwa miezi kadhaa. Ndugu yake wa kiume, aliyefanya kazi ya benki, ndiye aliyegundua kwamba dada yake alikuwa anatoa fedha kwa mfumo wa nane. Kisa hiki kinachekesha, lakini Hopper aliona tatizo ndani yake. Ikiwa ili kutumia kompyuta lazima uache kuhesabu kama watu wengine, basi watakaoitumia watakuwa wachache siku zote.

Kati ya mwaka 1951 na 1952 alirudi kwenye wazo la madaftari. Aliviweka vipande vya programu kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake ya wito. Kisha akaandika programu ambayo ikisomewa orodha ya namba hizo inavitafuta vipande, inavipanga, inarekebisha namba za mahali na kutoa programu kamili. Aliiita A-0, na aina hiyo ya programu akaiita kompaila. Kompaila za leo hufanya mengi zaidi, lakini mzizi ni huohuo: kompyuta inamwandikia binadamu programu. Aliwaonyesha watu nao hawakuamini. Waliambiana kwamba kompyuta ni ya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Baadhi ya waandishi wa programu hawakufurahi pia, maana ujuzi wao adimu ulikuwa unapewa mashine.

Hatua iliyofuata ilileta upinzani zaidi. Hopper alitaka watu wa biashara waandike maagizo kwa maneno, si kwa alama. Alipokwenda kuomba fedha kwa wakubwa wa kampuni, aliandaa onyesho dogo: programu moja kwa maneno ya Kiingereza, kisha ileile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwake lilikuwa jambo rahisi. Neno ni mfuatano wa alama, na alama za lugha moja zikibadilishwa kwa za nyingine, kazi ya mashine haibadiliki hata kidogo. Wakubwa walishtuka. Waliona haiwezekani kabisa kompyuta ya Marekani, iliyoundwa Philadelphia, ielewe Kifaransa. Wakakubali Kiingereza peke yake.

Tulia kidogo hapa. Wanafunzi wangu wengi wanaogopa programu kwa kuwa Kiingereza chao ni kidogo, wakidhani kompyuta inajua Kiingereza. Haijui. Ungeweza kuunda lugha ambayo maagizo yake ni SOMA, LINGANISHA, ANDIKA, na kompaila ingeyageuza kuwa namba zilezile. Kiingereza utakihitaji kusoma vitabu na kuzungumza na waandishi wenzako. Mashine yenyewe haina lugha ya mama.

Lugha ya maneno ya Hopper ilikuja kuitwa FLOW-MATIC. Mwaka 1959 wawakilishi wa kampuni na wa serikali ya Marekani walikutana kutafuta lugha moja ya biashara itakayotumika kwenye kompyuta za kampuni zote. Wazo la kukutana lilitoka kwa Mary Hawes, na kamati iliyoiandika lugha yenyewe ilikuwa na watu kadhaa, akiwemo Jean Sammet. Hopper alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC ndiyo iliyochangia zaidi. Lugha hiyo ni COBOL. Kwa hiyo ukiulizwa nani aliunda COBOL, usijibu Hopper peke yake. Desemba 1960 programu ileile ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti ikafanya kazi. Benki nyingi duniani bado zina programu za COBOL, na wanaoijua wanatafutwa.

Mwisho wa mwaka 1966 Jeshi la Wanamaji lilimstaafisha, akiwa na miaka 60. Agosti 1967 likamwita arudi kwa miezi sita, kwa kuwa COBOL yake ilikuwa imegawanyika kwa namna nyingi jeshini na ilihitaji kusanifishwa. Miezi sita hiyo ikawa karibu miaka 19. Alipostaafu tena, tarehe 14 Agosti 1986, alikuwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo.

Miaka hiyo yote alizunguka akihutubia, na hasa alipenda kuzungumza na vijana. Alibeba fungu la vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, akimgawia kila msikilizaji kimoja. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha alionyesha bunda la waya wa takriban mita 300, ambao ni mikrosekunde moja, ili mwandishi wa programu aone anachotupa kila anapopoteza mikrosekunde. Rula yako ya shule ina urefu karibu sawa na nanosekunde ya Hopper, ipime. Ofisini kwake alitundika saa ya ukutani iliyozunguka kinyumenyume. Ilionyesha wakati sahihi, na mgeni alihitaji siku mbili tatu tu kuizoea.

Mwaka 1991 alipewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Alifariki tarehe 1 Januari 1992 nyumbani kwake Arlington, Virginia, akiwa na miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya mji huohuo. Mwaka 1997 Jeshi la Wanamaji lililowahi kumkataa kwa umri na uzito lilianza kutumia rasmi meli ya kivita iliyopewa jina lake, USS Hopper.