Thomas Midgley: Mtu aliyenyamazisha mlio wa injini na kuiachia dunia sumu

Dereva wa Noah anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Machame au Marangu anaujua mlio huu. Gari limejaa abiria na mikungu ya ndizi, kilima kimeanza, dereva bado yuko gia namba nne na anakanyaga mafuta. Injini inaanza kulia kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Akipunguza mafuta, mlio unapotea.

Mmarekani mmoja aliutafutia mlio huo dawa kwa miaka mitano. Aliipata, na dawa yenyewe ikawa sumu iliyofika hadi barabara zetu. Jina lake ni Thomas Midgley.

Kwanza tutofautishe milio

Injini hugonga kwa namna nyingi, na kila namna ina chanzo chake.

Mlio mwepesi wa ta-ta-ta kutoka juu ya injini, unaosikika hata gari likiwa limesimama, mara nyingi ni wa tapeti. Anza kwa kupima oili. Kama oili ipo ya kutosha na mlio unaendelea, fundi akapime nafasi za tapeti.

Mlio mzito wa du-du-du kutoka chini unaweza kuwa wa beringi za konrodi zilizolika. Huo si wa kusubiri. Zima injini, pima oili, mwite fundi. Ukiendelea na safari, injini itanoki.

Mlio wa tatu ni ule wa kupanda kilima, unaokuja injini inapobeba mzigo. Unaweza kusikika hata kama hakuna chuma kilicholika, kwa sababu tatizo liko kwenye namna petroli inavyowaka. Huu ndio uliomsumbua Midgley.

Taa za wakulima

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, Pennsylvania. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell na kumaliza mwaka 1911. Mwaka 1916 aliajiriwa mjini Dayton, Ohio, na Charles Kettering, mvumbuzi wa mfumo wa kuwasha gari kwa umeme badala ya kuzungusha hendeli.

Kettering alikuwa akitengeneza pia jenereta ndogo za kuwapa wakulima taa mahali ambapo umeme haujafika. Jenereta hizo zilitumia mafuta ya taa, nazo ziligonga vibaya. Wengi waliamini kuwa mafuta yanawaka mapema, kabla plagi haijatoa cheche. Midgley alipewa kazi ya kuchunguza.

Aliweka dirisha dogo kwenye silinda ili aone moto wenyewe. Akagundua kuwa mgongo huja baada ya cheche. Moto unapoanza kusambaa kutoka kwenye plagi, mafuta yaliyobaki pembeni hubanwa na kupata joto kali, kisha hulipuka yenyewe kwa mpigo mmoja. Mlipuko huo ndio unaogonga kuta za silinda. Ukiendelea kwa muda mrefu, hutoboa pistoni.

Dawa na sumu yake

Baada ya hapo alitafuta kitu cha kuchanganya kwenye mafuta ili yasilipuke ovyo. Alidhani rangi nyekundu ingesaidia mafuta kunyonya joto. Kwa kukosa rangi stoo, akatia iodini, na mgongo ukapungua. Alipojaribu rangi nyekundu zenyewe, hazikusaidia kitu. Wazo lilikuwa kosa, lakini lilimfungulia njia. Yeye na wenzake walijaribu kemikali nyingi, zikiwemo zilizonuka vibaya mno.

Tarehe 9 Desemba 1921 walijaribu mchanganyiko wenye madini ya risasi, madini yaleyale yaliyomo kwenye betri ya gari. Tone dogo tu lilitosha, na injini ikanyamaza. Mwezi Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton.

Ilijulikana tangu kale kwamba risasi ni sumu. Ilijulikana pia kwamba spiriti, ile inayoweza kupatikana kwa miwa kama ya mashamba ya TPC kule Arusha Chini, huzuia mgongo. Lakini risasi ilikuwa rahisi, ilitumika kidogo sana, na kampuni ingeweza kuimiliki kwa hataza. Spiriti ingeweza kutengenezwa na yeyote.

Mwanzoni mwa 1923 Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu ya risasi na kulazimika kupumzika. Oktoba 1924, kwenye kiwanda kimoja cha New Jersey, wafanyakazi walichanganyikiwa akili kwa sumu hiyo na watano wakafa. Siku chache baadaye Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyo na kuivuta puani mbele yao, ili kuonyesha kuwa ni salama. Mwaka 1925 mauzo yalisimamishwa, lakini mwaka uliofuata yakaruhusiwa tena.

Midgley aliendelea kupata heshima. Alishiriki pia kubuni gesi ya kupozea majokofu, ambayo miaka mingi baadaye ilionekana kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1940 alipata polio na kupooza miguu. Akajitengenezea mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, kamba hizo zikiwa zimemnasa shingoni. Alikuwa na miaka 55.

Dawa yake ilimzidi umri. Kwa miongo mingi moshi wa magari ulimwaga risasi hewani na kwenye udongo wa kandokando ya barabara. Waliodhurika zaidi ni watoto, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeachwa. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tangazo lilitolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake jirani, Nairobi. Shirika hilo linakadiria kuwa hatua hiyo inazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Ukiusikia leo

Petroli ya sasa hupewa uwezo wa kuzuia mgongo bila risasi. Kwa hiyo gari likigonga kwenye kilima, rudi gia ya chini na upunguze mafuta. Likinyamaza, mzigo na gia ndivyo vilivyolizidi.

Likiendelea kugonga hata kwenye mzigo wa kawaida, angalia kama injini inachemka, kisha fundi apime taiming na plagi. Jiulize pia umejaza mafuta wapi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hugonga, kama zilivyogonga jenereta za Kettering. Uchakachuaji huo ni sababu mojawapo iliyoifanya serikali yetu kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011.

Jihadhari na njia za mkato. Wapo wanaomwaga oili nzito ili gari bovu linyamaze siku ya kuuzwa. Mlio unapotea kwa muda, ubovu unabaki kwa mnunuzi. Kabla ya kukubali dawa yoyote ya kunyamazisha injini, mwulize fundi mambo mawili: chanzo cha mlio ni nini, na dawa hiyo itaharibu nini kingine.