Lewis Fry Richardson

Lewis Fry Richardson (Newcastle upon Tyne, 11 Oktoba 1881 - Kilmun, Uskoti, 30 Septemba 1953) alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa wazo la kukokotoa mwendo wa hewa kwa kuwagawia kazi watu wengi wanaofanya hesabu kwa wakati mmoja, kabla ya kuwepo kompyuta.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Waquaker, akasoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1913 aliajiriwa na idara ya hali ya hewa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikataa kushika silaha kwa sababu ya imani yake, akahudumu Ufaransa kama dereva wa gari la wagonjwa. Mwaka 1920 aliacha kazi idarani ilipowekwa chini ya wizara iliyosimamia jeshi la anga. Baadaye alichunguza vyanzo vya vita kwa njia ya hisabati.

Kazi

Richardson aliigawa ramani katika vyumba kama ubao wa drafti. Kila chumba kilikokotolewa kwa kutumia namba za vyumba jirani. Alijaribu kwa mkono hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake lilionyesha mgandamizo wa hewa ukipanda kwa hektopaskali 145 katika saa 6, ilhali kwa kweli ulibadilika kidogo tu. Hakuficha kosa hilo, bali alilichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1922. Humo alieleza pia ukumbi wa wakokotoaji 64,000, kila kundi likishughulikia sehemu yake ya dunia, na msimamizi akihakikisha wote wanakwenda pamoja. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba tatizo lilitokana na takwimu za kuanzia ambazo hazikuwiana.

Umuhimu

Mwaka 1950 kompyuta ENIAC ya Marekani ilitoa utabiri wa namna hiyo, ingawa hesabu ya saa 24 ilichukua karibu saa 24. Leo prosesa nyingi hugawana kazi na kupeana namba za mipakani, kama katika ukumbi wa Richardson.

Wahandisi hutumia pia njia ya elementi finiti, ambayo vipande vyake huweza kuwa pembetatu za ukubwa tofauti. Njia hiyo inafaa mahali kama delta ya Rufiji wilayani Kibiti, ambako mto hugawanyika kati ya mikoko na maji ya bahari hupwa na kujaa: vipande vidogo huwekwa kwenye mikono myembamba ya mto, vikubwa baharini. Kwa wakulima wa bonde hilo, lililofurika tena Aprili 2024, kasi ya hesabu ni jambo zito, kwani utabiri una faida ukitangulia maji.