Eratosthenes: Msomi aliyeipima dunia kwa kivuli

FIMBO, jua na hesabu ya darasani vilimtosha Eratosthenes kukadiria ukubwa wa dunia ambayo hakuwahi kuizunguka. Zaidi ya miaka 2,200 baadaye, wanafunzi wa nchi nyingi hulirudia jaribio lake ili wajionee wenyewe iwapo alisema kweli.

Msomi huyo alizaliwa yapata mwaka wa 276 Kabla ya Kristo (K.K.) huko Cyrene, mji wa Wagiriki katika nchi ambayo leo ni Libya. Alipata elimu yake Athens, Ugiriki, kabla ya Mfalme Ptolemy wa Tatu wa Misri kumwita Alexandria mnamo 245 K.K. hivi. Huko alimfunza mwana wa mfalme na kuisimamia maktaba iliyosifika kuliko zote za zama hizo.

Aliandika kuhusu jiografia, nyota, historia na ushairi. Ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa njia ya kuchekecha namba tasa, yaani zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, ambayo ingali hufundishwa shuleni. Hata hivyo, inasimuliwa kuwa walimwengu walimbandika jina la Beta, herufi ya pili ya Kigiriki, kwa madai kwamba alikuwa wa pili katika kila fani na hakuwa bingwa wa yoyote.

Kazi iliyolidumisha jina lake ilihusu kisima. Ilijulikana kwamba mjini Syene, ambao leo ni Aswan, kusini mwa Misri, jua la adhuhuri katika siku ndefu zaidi ya mwaka humulika hadi chini kabisa ya kisima. Mjini Alexandria, wakati uo huo, vivuli vilionekana. Alipopima, Eratosthenes alipata pembe iliyo sawa na sehemu moja kwa 50 ya duara, yaani digrii 7.2.

Kwa kuwa jua liko mbali mno, miale yake huifikia dunia ikiwa sambamba. Tofauti ya vivuli basi ilitokana na mviringo wa dunia, jambo ambalo Aristotle alikuwa amelitetea awali. Umbali kati ya miji hiyo ulikadiriwa kuwa stadia 5,000. Alipouzidisha kwa 50, alipata mzingo wa stadia 250,000.

Wataalamu hubishana kuhusu urefu wa stadia moja, hivyo jibu lake huwekwa kati ya kilomita 39,000 na 46,000. Mzingo halisi ni takriban kilomita 40,000. Aidha, Syene haiko kusini kabisa mwa Alexandria bali imeelekea mashariki kidogo, na umbali ulikuwa wa kukadiria tu. Kasoro hizo hazikuivunja hoja yake.

Nchini Kenya, jaribio hilo ni rahisi hata zaidi. Mnamo Machi 20 au 21, na tena Septemba 22 au 23, jua la adhuhuri huwa juu ya Ikweta. Hapo Nanyuki huwa kama Syene: fimbo iliyosimama wima karibu haina kivuli. Mjini Mombasa, fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita saba hivi, ambacho ni pembe ya digrii nne na ushei.

Wanafunzi wa kila mji hupima kivuli kila baada ya dakika chache, kuanzia saa sita hadi saa saba mchana, na kuchukua kilicho kifupi zaidi. Mombasa iko takriban kilomita 450 kusini mwa Ikweta. Wakizidisha umbali huo kwa 360, kisha wagawe kwa pembe waliyoipata, watakaribia kilomita 40,000. Kosa la milimita chache huyumbisha jibu kwa maelfu ya kilomita, nalo hilo ni funzo.

Eratosthenes alifariki Alexandria yapata mwaka wa 194 K.K. Inasimuliwa kwamba alipopofuka na kushindwa kusoma, alijinyima chakula hadi akafa. Kitabu alichoeleza kipimo chake kilipotea, na habari zake zilihifadhiwa na waandishi wa baadaye. Lakini ukweli wake haukuhitaji kitabu hicho wala cheo cha mwandishi. Yeyote anayetilia shaka hesabu yake anaweza kusimamisha fimbo na kungoja adhuhuri.