Alifanya mtihani wa kuingia udaktari akiwa na miaka 29, kisha wakamfungia lango

Hebu tuseme una miaka 28. Una kazi inayolipa kodi ya nyumba, pengine una mtoto, na kuna jambo moja ambalo halijakutoka moyoni tangu shule ya upili: ulitaka kuwa daktari. Umewaza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi ili uinue gredi ya Kemia na Biolojia. Kisha unapiga hesabu. Miaka mitano au sita chuoni, halafu mwaka mzima wa mafunzo hospitalini. Utamaliza ukiwa umepita 35. Unafunga kitabu na kujiambia kwamba treni ilishaondoka.

Basi kabla hujakirudisha kitabu hicho kabatini, sikiza habari za Sophia Jex-Blake. Huyu ni mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea udaktari katika chuo kikuu cha Uingereza. Alipoketi kufanya mtihani wa kuingia, alikuwa na miaka 29. Alipopata leseni, alikuwa na 37. Na katikati hapo, mwenzangu, aliona mengi.

Sophia alizaliwa tarehe 21 Januari 1840 katika mji wa Hastings, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa wakili aliyestaafu, mtu wa dini na wa msimamo mkali. Nyumba haikukosa pesa. Kilichokosekana ni ruhusa. Binti wa familia ya aina hiyo alitarajiwa akae nyumbani angoje kuolewa. Sophia hakutaka. Mwaka 1858 aliwashinikiza wazazi hadi wakamkubalia ajiunge na Queen's College, chuo cha wanawake jijini London. Alikuwa mkali wa hisabati, na haukupita muda akapewa kazi ya kufundisha somo hilo papo hapo chuoni. Babake akaweka sharti: afundishe, lakini asipokee mshahara, maana aliona ni aibu binti yake kulipwa kama kibarua. Sophia akafundisha bure.

Kwa hivyo usidhani alizaliwa akijua atakuwa daktari. Miaka yake ya ishirini aliimalizia katika ualimu. Mwaka 1865 alisafiri hadi Marekani kuangalia jinsi wasichana wanavyofunzwa huko, akaandika na kitabu kuhusu shule alizozuru. Ni kule Boston ndiko mambo yalikogeuka. Alikutana na Dkt Lucy Sewell, aliyefanya kazi katika hospitali ya wanawake na watoto, iliyoendeshwa na madaktari wanawake. Sophia akaanza kusaidia pale hospitalini. Kuwaona wanawake wakitibu wagonjwa kila siku, bila makeke, kulimwonyesha kazi aliyokuwa akiitafuta bila kuijua jina.

Mwaka 1867 akaomba nafasi Harvard. Akajibiwa kwamba chuo hicho hakina mpango wa kufundisha wanawake. Mwaka uliofuata akaanza masomo New York, kisha habari zikaja kwamba babake ni mgonjwa mahututi. Akarudi nyumbani. Babake akafariki mwaka huo huo wa 1868, na Sophia akabaki Uingereza na mamake. Alikuwa na miaka 28. Umri wako tuliousema pale juu.

Mwezi Machi 1869 aliomba kujiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Kitivo cha Udaktari kilikubali. Baraza la maprofesa likakubali. Lakini mahakama ya chuo, chombo kilichokuwa na usemi wa mwisho, ikakataa. Sababu yao? Kwamba haiwezekani kupanga masomo maalumu kwa ajili ya mwanamke mmoja tu.

Hapa ndipo ninapotaka usikize kwa makini. Wengi wetu tukipewa jibu kama hilo tunaenda kulia chumbani, na hakuna ubaya, machozi ni haki ya mtu. Sophia alilisoma lile jibu kama mwalimu wa hisabati. Tatizo walilotaja lilikuwa idadi. Kama shida ni mmoja, basi awatafute wengine. Habari zake zilikuwa zimetoka katika gazeti la The Scotsman, akatumia magazeti hayo hayo kuwaita wanawake wenye nia kama yake.

Waliojitokeza hawakuwa wasichana wa juzi kutoka darasani. Isabel Thorne alikuwa mke na mama wa watoto, aliyekuwa ameishi China na kufiwa na mtoto huko. Edith Pechey alikuwa mwalimu wa miaka 24. Edith alimwandikia Sophia akiuliza kama uwezo wa wastani na uvumilivu wa kutosha vitatosha, maana, alikiri, mengi ya yale masomo hakuwa na ujuzi nayo wa kutegemewa. Ni swali ambalo kila mtu mzima anayerudi kwenye vitabu hujiuliza usiku. Kumbuka jina la Edith, tutalirudia.

Wakaomba tena wakiwa watano. Safari hii chuo kikakubali, kwa masharti: wafaulu mtihani wa kuingia kama kila mtu, wafundishwe peke yao mbali na wanaume, na wajitafutie wenyewe wahadhiri watakaokubali kuwafundisha. Kwa kuwa madarasa yao yangekuwa madogo, karo nayo ingekuwa juu kuliko ya wavulana.

Sasa fikiria huo mtihani. Kulikuwa na Kiingereza, Kilatini na hisabati, vyote vya lazima, na mengine ya kuchagua. Wavulana wengi waliokuja kuufanya walikuwa wametoka moja kwa moja shuleni, ambako Kilatini na hisabati vilikuwa chakula chao cha kila siku. Wanawake hawakuwa na shule za namna hiyo. Walilazimika kuziba kwa miezi michache pengo ambalo mwenzao alilizibiwa kwa miaka. Kama ulimaliza Kidato cha Nne miaka kumi iliyopita na leo huwezi kusawazisha mlingano wa Kemia, unaelewa ninachosema. Si akili iliyopungua. Ni kwamba somo ulilipa kisogo, nalo likakupa kisogo.

Tarehe 19 Oktoba 1869 watahiniwa 152 waliketi. Watano kati yao walikuwa wanawake. Matokeo yalipotoka, wanne kati ya hao watano walikuwa ndani ya nafasi saba za kwanza.

Soma tena hiyo sentensi. Watu 152, saba bora, wanne wao wanawake ambao chuo kilikuwa hakijui kiwaweke wapi. Mwezi Novemba wakaandika majina yao katika kitabu cha usajili. Baadaye waliongezeka, na ndiyo maana historia inawaita Saba wa Edinburgh.

Kilichofuata kinafunza jambo ambalo hotuba za kutia moyo hazilitaji. Alama nzuri hazikuwanyamazisha wapinzani, ziliwatia hofu. Masika ya 1870 Edith Pechey, yule yule aliyejitilia shaka, aliongoza wanafunzi wote waliofanya Kemia kwa mara ya kwanza. Nafasi hiyo ilikuwa na ufadhili wa masomo. Profesa akaogopa wanaume watakasirika, akampa ufadhili mvulana aliyekuwa chini yake.

Kisha ikaja tarehe 18 Novemba 1870. Wanawake walikuwa wakienda Surgeons' Hall kufanya mtihani wa anatomia. Wakakuta umati wa mamia ya watu umejaa barabarani. Walirushiwa matope na matusi, na walipokaribia, lango likafungwa mbele ya nyuso zao. Wanafunzi wachache waliowaunga mkono ndio waliosaidia lifunguliwe wakaingia. Mtihani ukaanza huku mavazi yao yakiwa na matope. Na kana kwamba hayo hayatoshi, kondoo akasukumwa ndani ya chumba cha mtihani ili kuwavuruga. Waliendelea kuandika.

Jambo hilo lilienea magazetini na kuwapatia marafiki wengi, wakiwemo wanaume. Lakini Sophia alikuwa na ulimi usiojua breki. Alidai hadharani kwamba msaidizi wa profesa mmoja aliongoza ghasia hizo akiwa amelewa. Msaidizi akamshtaki kwa kumharibia jina. Mahakama ikampa mlalamishi fidia ya robo peni tu, yaani karibu na bure, lakini gharama za kesi zikakaribia pauni 1,000, na ni wafadhili waliomchangia Sophia kuzilipa.

Na sasa sehemu ambayo wengi wakisimulia maisha yake huiruka. Katikati ya kesi, barua, mikutano na michango, Sophia alianguka mtihani. Mtihani wake wa udaktari wenyewe. Hakukubali. Alisema wasahihishaji walimwonea. Karatasi zake zikapelekwa kwa mwanasayansi mashuhuri Thomas Huxley, mtu aliyeunga mkono elimu ya wanawake, naye akasema wasahihishaji hawakukosea. Mbele ya nchi nzima.

Ndugu msomaji, jiweke hapo. Umewaongoza wenzako, umewaambia watu wote kwamba mwanamke anaweza, kisha wewe mwenyewe ndiye unayeanguka. Aliyekuwa akikupinga anatabasamu. Si ajabu kwamba alianguka: mchana alikuwa mahakamani na kwenye mikutano, na vitabu havina huruma na mtu mwenye shughuli nyingi. Unayesoma baada ya zamu ya usiku au baada ya kulaza watoto unalijua hilo. Mapambano ya haki hayakumwandikia insha ya anatomia. Mambo yote mawili yalihitaji saa zake, na saa ni zile zile 24.

Mwaka 1873 wakashindwa pia kortini. Mahakama kuu ya Uskoti iliamua kwamba chuo hakikuwa na wajibu wa kuwapa shahada, na kwamba hata kuwasajili kulikuwa kosa tangu mwanzo. Miaka minne ya karo, matope na mitihani, na hakuna shahada hata moja.

Sophia alifanya nini? Alirudi kwenye hesabu yake ya zamani ya kutafuta wengine. Mwaka 1874 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha shule ya udaktari ya wanawake jijini London. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, na 12 kati yao walikuwa wamepitia Edinburgh. Mwaka 1876 bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoruhusu vyombo vya kutoa leseni kuwakubali wanawake. Mwezi Januari 1877, akikaribia kutimiza miaka 37, Sophia alifaulu mitihani ya shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Mwezi Mei akafaulu mtihani wa leseni Dublin. Yule aliyeanguka mbele ya nchi nzima alikuwa ameketi tena, mara mbili ndani ya miezi mitano, na kupita zote.

Mwaka 1878 alirudi Edinburgh, mji ule ule uliomfungia lango, akafungua zahanati katika mtaa wa watu wa kipato cha chini ili wanawake maskini watibiwe na mwanamke kwa ada ndogo. Mwaka 1886 akaanzisha shule ya udaktari ya wanawake hapo hapo. Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kwa wanafunzi wake kiasi kwamba baadhi walimshtaki na wengine wakamhama. Lakini mwaka 1894 Edinburgh ilianza kuwapa wanawake shahada za udaktari. Alistaafu mwaka 1899 na kufariki tarehe 7 Januari 1912.

Mwezi Julai 2019 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliwapa Saba wale shahada zao za heshima, miaka 150 baada ya mtihani ule. Zilipokelewa kwa niaba yao na wanafunzi wa udaktari wa leo.

Kwa hivyo, wewe wa miaka 28, hesabu uliyopiga ni sahihi: ukianza sasa utamaliza ukiwa umepita 35. Lakini usipoanza, hiyo 35 itakuja tu. Tafuta wawili watatu wenye nia kama yako, mgawane karatasi za mitihani iliyopita. Anza na somo ulilolipa kisogo kabla ya lile unalolipenda. Linda saa zako za kusoma hata dhidi ya mambo mema. Na ukianguka mara ya kwanza, angalia tarehe ya usajili unaofuata.